Kaunti zetu na uvumbuzi: mvumbika changa hula mbovu

Wahenga walinena kwamba mvumbika changa hula mbovu. Maana ya juu ya methali hii inafahamika kwa kila aliyelelewa kijijini. Ukilichuma embe kabla halijakomaa na kulifukia majivuni ili liive upesi, utakachofukua baada ya siku chache si tunda lililoiva bali lililooza. Nimeikumbuka methali hii mara nyingi tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013, hasa kila ninapomsikia kiongozi akitangaza kuwa ataleta uvumbuzi katika eneo lake.

Neno hilo uvumbuzi nalo linafaa kutazamwa kwa makini. Kiswahili kina jozi za vitenzi ambazo kimoja huficha au huweka na cha pili hufichua au huondoa. Tunafunika chungu na kukifunua. Tunaanika nguo na kuzianua. Tunavumbika maembe na kuyavumbua. Kwa hiyo kuvumbua, tukiufuata muundo wa lugha yenyewe, ni kukitoa hadharani kitu ambacho tayari kilikuwapo, ila kimefichika. Waliotuachia neno hili hawakudhani kwamba uvumbuzi huja kwa lori kutoka mji mkuu.

Hoja yangu leo ni nyepesi kuitaja, ingawa ni nzito kuitekeleza. Serikali ya kaunti inayotaka uchumi wake ukue isianze kwa kujenga jumba. Ianze kwa kuwatafuta wale ambao tayari wanavumbua, iwaondolee vikwazo, inunue wanachokitengeneza, iwape elimu waliyoikosa, na izungumze nao kwa lugha wanayoielewa. Jumba lije mwisho, iwapo litahitajika.

Miaka michache iliyopita nilihudhuria kikao cha umma katika kaunti moja ambayo haina haja kutajwa, kwa sababu yaliyotokea pale yangeweza kutokea kwingi. Wananchi walikuwa wameitwa kutoa maoni kuhusu mpango wa maendeleo. Ukumbi ulijaa wakulima, akina mama wa sokoni, wahudumu wa bodaboda na wazee. Waliwekewa nakala chache za kitabu kinene kilichoandikwa kwa Kiingereza kitupu, kisha afisa mmoja kijana akasimama kukifafanua.

Afisa huyo hakuwa na nia mbaya. Alijitahidi kutafsiri papo kwa papo. Alipofika kwenye mradi mkuu wa mwaka, yaani kituo cha kulea biashara changa za vijana, alikwama kidogo, kisha akasema kuwa kaunti itajenga "kituo cha kuangulia". Mama mmoja aliyeketi safu ya mbele akainua mkono na kuuliza kwa adabu: "Mwanangu, hivyo vifaranga vitagawiwa kila nyumba, au ni vya wenye vikundi pekee?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Mama yule alikuwa amesikiliza hadi mwisho na kuuliza swali la maana kabisa kuhusu kile alichoambiwa. Kosa lilikuwa la aliyempa tafsiri, na nyuma yake lilikuwa la serikali iliyoandika mpango wa watu kwa lugha ambayo watu wenyewe hawaisomi.

Nje ya ukumbi nilikutana na fundi wa kuchomelea vyuma ambaye hakuwa amesema neno. Alikuwa ameunda mashine ya kukatakata majani ya ng'ombe kwa kutumia injini ya pikipiki iliyokufa, na wafugaji wa vijiji vya karibu walikuwa wakiinunua. Nilimuuliza mbona hakuzungumza. "Mwalimu," akaniambia, "mimi siombi kituo. Naomba mambo mawili." La kwanza, apunguziwe watoza ushuru, kwani kila aliposafirisha mashine moja hadi soko la mbali alilipa zaidi ya mara moja njiani. La pili, apate mtu wa kumwonyesha jinsi ya kujaza fomu za zabuni, maana idara ya kilimo ya kaunti hiyo hiyo ilikuwa ikinunua mashine za aina ile kutoka ng'ambo.

Nilipopita pale tena baada ya mwaka mmoja na nusu, jengo la kituo lilikuwa limekamilika na kupakwa rangi, na mlango wake ulikuwa umetiwa kufuli. Kibanda cha fundi nacho kilikuwa kimefungwa. Jirani yake aliniarifu kwamba alikuwa amehamia Gikomba, Nairobi, pamoja na vijana wawili aliokuwa akiwafunza kazi. Kaunti ilikuwa imepata jumba na kumpoteza mvumbuzi.

Isidhaniwe kwamba kaunti hazina uwezo wa kutenda tofauti. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilizipa kaunti 47 majukumu ambayo, tukiyasoma kwa jicho la uchumi, ndiyo mizizi ya uvumbuzi. Jedwali la Nne linazikabidhi kilimo, masoko, leseni za biashara, vyama vya ushirika na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kifungu cha 203 kinaagiza kwamba zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na katika mwaka wa fedha wa 2023/2024 mgao wao ulikuwa shilingi bilioni 385.4. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 nayo inazitaka zitenge angalau asilimia 30 ya bajeti kwa maendeleo.

Hilo neno maendeleo ndilo linalotuponza. Kwa viongozi wengi, maendeleo ni kitu kinachoweza kukatiwa utepe mbele ya wapiga picha. Jengo hukatiwa utepe. Leseni iliyorahisishwa, mwalimu wa useremala anayelipwa vyema, au deni la mzabuni lililolipwa kwa wakati, hayana utepe wala picha. Ndiyo maana kaunti huelekea kujenga kwanza na kuuliza baadaye.

Kosa hili halikuanza na ugatuzi. Mnamo 1986 Rais Daniel arap Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya, na mwaka wa 1990 magari ya kwanza ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa umma kwa shangwe. Wahandisi wetu walithibitisha kwamba akili wanayo, na heshima hiyo hawawezi kunyang'anywa. Likaundwa shirika la kuyatengeneza magari hayo kwa wingi, lakini fedha hazikupatikana na gari halikufika sokoni. Kwa maoni yangu, hata fedha zingepatikana, kungekuwa na kazi kubwa ya kuikuza kwanza ile jamii ya karakana ndogo za vipuri ambazo ndizo hukilisha kiwanda cha magari popote duniani. Tunda lilichumwa changa.

Hebu tulinganishe gari hilo na kifaa duni kinachopatikana katika jikoni nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, bei ya mafuta na uhaba wa kuni vilipokuwa vikiwatia watu hofu, watafiti walichukua wazo la jiko la makaa kutoka Thailand na kulifanyia majaribio pamoja na mafundi wa jua kali wa Nairobi. Majiko ya mwanzo yalikuwa na kasoro. Udongo wa ndani ulipasuka. Umbo likabadilishwa mara kadhaa hadi likapatikana jiko lenye kiuno chembamba, bati kwa nje na udongo wa mfinyanzi kwa ndani, linalotumia makaa machache kuliko lile la bati tupu. Hakuna jumba lililojengwa kwa ajili yake. Ujuzi ulitembea kutoka kibanda hadi kibanda, ukavuka mipaka ya Kenya, na leo jiko hilo linatengenezwa katika nchi kadhaa za Afrika.

Kilicholifanikisha jiko ambacho gari halikukipata ni mnunuzi aliyekuwapo tayari, fundi aliyekuwa na ujuzi tayari, na mtaalamu aliyekubali kukaa na fundi huyo na kushindwa pamoja naye hadi wakafaulu.

Je, serikali ya eneo inaweza kusaidia kazi ya namna hiyo bila kuiharakisha hadi ioze? Inaweza. Mfano ninaoupenda unatoka mbali, lakini unahusu watu wanaofanana sana na mafundi wetu wa Kamukunji na Gikomba. Nchini Italia, serikali nyingi za majimbo zilianzishwa mwaka wa 1970. Jimbo la Emilia-Romagna, ambalo mji wake mkuu ni Bologna, lilikuta maelfu ya karakana ndogo ndogo: za vigae, za mashine, za nguo za kufuma. Nyingi ziliajiri watu wachache mno, wengine wao wakiwa jamaa wa nyumba moja.

Mnamo 1974 jimbo hilo liliunda shirika la maendeleo lililoitwa ERVET. Badala ya kugawa fedha kwa kila mwenye karakana, shirika lilisaidia kuanzisha vituo vya huduma, kila kimoja kikifuata kazi ya mahali pake. Kimojawapo kilichosifika ni CITER, kilichoanza mwaka wa 1980 mjini Carpi, mji wa wafumaji. Karakana ya watu watano haiwezi kumwajiri mtaalamu wa kufuatilia mitindo na rangi za mwaka ujao, wala kumiliki kompyuta ya kuchorea vitambaa. Kituo kilifanya kazi hizo kwa niaba ya wote, nazo karakana zikalipa ada ya uanachama.

Ada hiyo ndogo ndiyo ninayotaka msomaji aitie maanani. Kituo kinacholipwa na wale kinaowahudumia hakiwezi kutiwa kufuli mwaka mzima bila mtu kulalamika. Aidha, kituo kilikuja baada ya wafumaji, wala si kabla yao. Sisemi tuwaige Wataliano kama kasuku, kwa sababu wao walikuwa na vyama vya ushirika vya miaka mingi na shule za ufundi zilizokomaa. Nasema kwamba walikuwa na subira ya kuuliza fundi anakosa nini kabla ya kumpa kitu.

Sasa nirudi nyumbani na kuyataja mambo manne ambayo kaunti inaweza kuyafanya bila kusubiri mfadhili.

La kwanza ni ushuru. Kaunti inahitaji mapato, na hakuna anayepinga hilo. Lakini Kifungu cha 209 cha Katiba kinaonya kwamba mamlaka ya kaunti ya kutoza kodi yasitumiwe kwa namna itakayoathiri shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka yake, wala mwendo wa bidhaa, huduma, mtaji na wafanyakazi. Mfanyabiashara anayelipa alikopakia, akalipa alikopita na akalipa tena alikoshukia anajua jinsi onyo hilo linavyopuuzwa. Mtu akijaribu jambo jipya, aghalabu hupata hasara mwanzoni. Kumtoza kabla hajauza ni sawa na kumkamua ndama.

La pili ni ununuzi. Katika maeneo mengi ya nchi hii, hakuna mnunuzi anayeishinda serikali ya kaunti. Hununua viti vya madarasa ya chekechea, vitanda vya zahanati, milango, sare na mbegu. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na inataka angalau asilimia 20 ya ununuzi wa kaunti iwaendee wakazi wake. Agizo la viti 50 kutoka kwa kaunti lina thamani kwa seremala kijana kuliko semina kumi za kumhimiza awe mbunifu, kwa sababu atakapotengeneza kiti cha 50 atakuwa ameshagundua njia bora kuliko ile aliyoitumia kwa kiti cha kwanza.

Kaunti ya Kitui ilituonyesha jambo hili. Kiwanda chake cha nguo, KICOTEC, kilichoanzishwa wakati wa Gavana Charity Ngilu, kilikuwa na mafundi wa cherehani wenye kazi mikononi. Janga la Korona lilipoingia nchini Machi 2020, mafundi hao waligeukia kushona barakoa na kuzitoa kwa maelfu kila siku. Wasingeweza kugeuka haraka namna hiyo iwapo mikono yao ingekuwa mitupu siku ile janga lilipobisha hodi.

Ila zabuni isiyolipwa ni sumu. Kaunti zetu zimekuwa na madeni ya mabilioni ya shilingi kwa watu waliozipelekea bidhaa na huduma. Mfanyabiashara mkubwa atakopa benki na kungoja. Kijana aliyenunua mbao kwa akiba ya mama yake hawezi kungoja. Atafunga karakana, atauza vifaa, na hatajaribu tena. Kaunti inayotaka kukuza uvumbuzi ianze kwa kuwalipa wadogo kwanza.

La tatu ni vyuo vya ufundi. Mnamo 1966 Baraza la Kitaifa la Makanisa lilitoa ripoti iliyouliza vijana wafanye nini baada ya shule, na kutokana na swali hilo vikazaliwa vyuo vya ufundi vya vijijini. Mwaka wa 1985 mfumo wa 8-4-4 ulijaribu kuyapeleka masomo ya ufundi hadi shule za msingi, lakini shule nyingi hazikuwa na karakana wala vifaa, na wazazi wakabaki wakilaumu mzigo wa masomo. Sasa Katiba imezikabidhi kaunti vyuo hivyo, na ninasikitika kusema kwamba sisi walimu tumechangia kuvidunisha. Tumewazoesha wanafunzi kuamini kuwa chuo cha ufundi ni jalala la walioanguka mtihani. Mtoto akisikia hivyo kwa miaka minane, hawezi kuingia karakana akiwa na fikra za kuvumbua. Ataingia akiwa na aibu.

Kaunti inaweza kuubadilisha mtazamo huo kwa kitendo kimoja: iwalipe mafundi hodari wa jua kali waje kufundisha vyuoni siku mbili kwa wiki, na iwapeleke wanafunzi wa vyuo wakae vibandani siku nyingine mbili. Fundi hana cheti, ila ana ujuzi. Mwalimu ana cheti, ila huenda hajawahi kuuza alichokitengeneza. Kila mmoja ana kitu cha kumkopesha mwenzake.

La nne ni lugha, na hapa nakiri kwamba navutia kwangu. Lakini nitatoa ushahidi wa maembe, si wa sarufi. Makueni, chini ya Gavana Kivutha Kibwana aliyeongoza tangu 2013 hadi 2022, ilijenga kiwanda cha kusindika matunda huko Kalamba. Jambo hilo lilisifiwa, na lilistahili. Lakini kuna adui wa maembe ambaye hajengewi ukuta. Nzi wa matunda aliyegunduliwa nchini mwaka wa 2003 aliharibu mavuno kiasi kwamba mnamo 2014 Kenya ilisimamisha yenyewe uuzaji wa maembe katika soko la Ulaya, na soko hilo halikufunguliwa tena hadi 2021.

Nzi huyo hapigwi vita kwa mashine ya kukamua maji ya matunda. Hupigwa vita na mkulima anayejua kwamba embe lililoanguka lisiachwe chini ya mti, anayejua mtego wa nzi hutundikwa wapi na lini, na ambaye jirani yake pia anajua. Mkulima mmoja akizembea, nzi wa shamba lake hula shamba la mwenzake. Elimu ya namna hii haifai kitu mpaka kila mtu kijijini aielewe, na haiwezi kueleweka na kila mtu ikiwa imefungiwa ndani ya ripoti ya Kiingereza. Inahitaji Kikamba cha nyumbani na Kiswahili cha sokoni. Si ajabu basi kwamba Makueni iliyosifika kwa matunda ndiyo iliyosifika pia kwa kamati za maendeleo zilizoanzia kijijini na kupanda hadi ngazi ya kaunti. Watu waliozoea kujadiliana hufundishika pamoja.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi na teknolojia. Nimelisikia dai hili kwa zaidi ya miaka 20, aghalabu kutoka kwa watu ambao hawajawahi kusimama katika gereji kwa saa moja. Fundi wa magari ana jina la kila kipuri. Baadhi ameyarithi, mengine ameyakopa na kuyaswahilisha bila kuomba ruhusa ya mtu: giya, klachi, breki, spana, nati. Istilahi haitangulii kazi. Hufuatana nayo.

Tazama neno bodaboda. Halikutungwa na baraza lolote la lugha. Lilizaliwa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Busia, pale vijana wenye baiskeli walipogundua kuwa wasafiri wanahitaji kuvushwa kutoka kizuizi kimoja hadi kingine. Huduma ilivumbuliwa, na jina likavumbuliwa pamoja nayo. Leo neno hilo liko katika sheria zetu na katika vinywa vya mamilioni.

Au tazama jua kali. Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani lilipotoa ripoti yake kuhusu ajira nchini Kenya, lilieneza jina la sekta isiyo rasmi. Jina hilo liliwaeleza mafundi kwa kile wasichokuwa nacho. Wao wenyewe walijiita kwa kile walichokivumilia, na mwaka wa 1992 serikali ilipotoa waraka wa sera kuhusu biashara ndogo ndogo, ililazimika kulitumia jina lao. Serikali inaweza kulisajili neno, ikalieneza na kulilinda, lakini ni nadra kuliamuru lizaliwe. Ndivyo ilivyo kwa uvumbuzi pia.

Wengine watasema kwamba nikisisitiza ujuzi wa wenyeji ninachochea ukabila. La hasha. Uvumbuzi hustawi pale wageni wanapokutana, na ndiyo sababu Gikomba inaishinda miji mingi: Mluo, Mkikuyu, Mkamba na Mluhya wanachungulia kazi ya mwenzao na kuiboresha. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya mwanzo ziwaendee watu wasiotoka katika kabila lenye wengi katika kaunti. Kaunti inayoikwepa sheria hiyo inajinyima macho mapya. Na wageni hao wakikutana, lugha wanayoizungumza karakanani ni Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Kaunti inayoandika mipango yake kwa Kiingereza pekee imeamua kutumia nusu ya urithi wake.

Sasa niwageukie walimu wenzangu na wanafunzi, maana ni rahisi kuwasuta magavana na kujisahau.

Kila kaunti huandaa mpango jumuishi wa miaka mitano. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027, na baada yake utaandikwa mwingine. Kikao cha maoni kitakapoitishwa, mwalimu wa Kiswahili asikae nyumbani akisahihisha madaftari. Aende, aombe nakala mapema, aandike muhtasari wa kurasa kumi kwa Kiswahili ambacho mama wa sokoni atakielewa. Kazi hiyo wanafunzi wa kidato cha juu na wa vyuo vikuu wanaiweza. Itawafunza tafsiri kuliko vifungu vya mitihani, na itawafunza uraia kuliko mihadhara yangu.

Wanafunzi nao wapewe daftari na kutumwa vibandani. Waandike mashine zilizoundwa, majina ya vipuri, kasoro zilizorekebishwa na jinsi zilivyorekebishwa. Kifungu cha 11 cha Katiba kinaitaka dola itambue mchango wa sayansi na teknolojia za kiasili katika maendeleo ya taifa. Dola itautambuaje mchango ambao hakuna aliyeuandika? Daftari za wanafunzi 100 zilizokusanywa vizuri zingeipa kaunti orodha ya wavumbuzi wake, kazi ambayo washauri wa bei ghali hulipwa kuifanya na wakaifanya wakiwa wameketi hotelini.

Nao viongozi wa kaunti, kabla ya kuweka jiwe la msingi la kituo kingine, wafanye ziara isiyo na msafara. Waingie karakana tano na kuuliza swali moja: ni kitu gani kinachokuzuia kutengeneza zaidi? Wakipata jibu lile lile mara tatu, wamepata sera. Haitahitaji utepe.

Yule fundi wa mashine ya majani sijui kama atarudi kwao. Natumai anafanya vizuri huko Gikomba, na kwamba vijana wake wawili sasa wanawafunza wengine. Lakini ng'ombe waliohitaji mashine yake wako kule kule alikotoka, na wafugaji wanaendelea kukata majani kwa panga. Na yule mama aliyeuliza kuhusu vifaranga hajajibiwa hadi leo. Kaunti iliyomwita kutoa maoni ina deni kwake, na deni hulipwa kwa lugha anayoielewa mdai. Dawa ya deni ni kulipa.